Vijiko vya Harusi

Tulipozawadiwa vijiko sita vya chai siku ya harusi, hakuna aliyenidokeza kwamba ni chambo cha nguru. Hilo niligundua mwenyewe, hapa Tanga: kata mpini kwa msumeno wa chuma, toboa tundu pande mbili, funga ndoana. Ukikirambaza nyuma ya ngalawa, kijiko kinapepesuka kama kisamaki kilichojeruhiwa. Kilichonishinda ni rangi.

Kwanza nilipaka iliyobaki kwenye geti. Ilibanduka nzima nzima, kama gamba la nyoka, hata matumbawe hatujayapita. Nikapulizia ya kopo juu ya mabaki. Ikaichemsha ile ya chini, ikakunjamana kama utandu wa maziwa. Cha pili nikakipaka rangi ya kucha ya Mama Zuhura. Hiyo iling'ang'ania mahali pamoja tu: ukucha wangu wa gumba, wiki mbili nzima, mbele ya wazee barazani.

Ikabidi nimwone fundi anayepiga rangi magari. Alikitazama kijiko kinavyong'aa, akacheka. "Mwalimu, rangi itashika wapi hapa? Na umeshakipaka mafuta ya vidole." Akanipa masharti kama ya mganga: kwaruza kwa msasa hadi mng'ao ufe, osha kwa sabuni, futa kwa spiriti, usikiguse tena. Kisha praima ya chuma, rangi nyembamba mara tatu, kila mkono ukauke. Mwisho epoksi, mafungu mawili yaliyo sawasawa.

Mafungu nilikadiria kwa macho. Siku ya tatu epoksi ilikuwa bado asali, na kijiko kimeshanasa nzi wawili, mbu mmoja na manyoya ya paka. Chambo bandia chenye wadudu halisi! Nusura nikipeleke hivyo hivyo.

Cha nne nikapima kwa bomba la sindano, nikakitundika kwenye kamba ya nguo, nikawa nakigeuza geuza ili epoksi isichuruzike. Kesho yake kilikuwa kigumu kama kioo. Nikakigonga sakafuni, nikakichora kwa ufunguo: wapi!

Jumamosi tukakitupa. Nusu saa haikupita, mshipi ukavutwa, ukalegea. Ncha yake imekatwa kama kwa wembe. Mzee nahodha akaishika, akaigeuza vidoleni.

"Rangi yako imeshika, Mwalimu," akasema. "Ila waya wa kumzuia nguru asikate mshipi, uliuacha wapi?"

Nyumbani nilimkuta Mama Zuhura na wageni watano, birika la chai na vijiko viwili.