Pete ya Ndoa na Kopo la Soda

Fukwe za Uingereza zina maji baridi yanayosinyaza vidole. Ongeza losheni ya jua, na pete ya ndoa hiyoo, imezama mchangani. Anaitwa fundi mwenye mashine ya kutambua metali. Mashine yenyewe haina adabu: dhahabu nyembamba na kile kishikio cha kufungulia kopo la soda huvipigia karibu mlio uleule. Basi vinafukuliwa vishikio, kimoja baada ya kingine, na mke wa mwenye pete kakunja mikono, anatazama tu. Kwa sheria ya huko ya 1996 kuhusu hazina, pete ya dhahabu yenye miaka 300 huripotiwa kwa afisa anayechunguza vifo vya ghafla. Ya juzi huripotiwa kwa mke, na huko maswali ni mengi zaidi.