Mwenye Bwawa ana Kipimo, Makupa Tuna Ulimi

Kwenye hoteli za ufukweni, bwawa la maji ya chumvi lina daktari wake. Huchota maji kwa kina cha kiwiko, mbali na mdomo wa bomba, akatumbukiza kipimo cha umeme. Gramu 3 hivi kwa lita, mambo shwari. Bahari yenyewe ina kama 35. Lakini mashine hiyo haioni chumvi hata kidogo: inapima maji yanavyopitisha umeme. Isiporekebishwa kwa maji ambayo chumvi yake inajulikana, itakudanganya hadi nukta mbili za desimali.

Sisi wa Makupa, Mombasa, hatuna udhia huo. Kijana wa mkokoteni anaapa mitungi yake ni maji ya chemchemi ya Mzima, yametoka Tsavo moja kwa moja kwa lile bomba la miaka ya 1950. Mama anachovya kidole, analamba, anatema.

"Mzima ya kisima gani hiyo, mwanangu?"

Bei inashuka papo hapo. Sabuni ikigoma kutoa povu, vipimo vimethibitishwa.

Waheshimiwa wa maji, mkishamaliza kulihudumia bwawa, pitieni na huku na hicho kifaa. Chai tutawapikia, kwa maji hayo hayo.