Jinsi ya Kutembea na Mbwa Bila Kumpandisha Jirani Ukutani

Ukipita mitaa ya mageti jijini Dar es Salaam, Mbezi au Mikocheni, utaliona bango lile lile nyumba baada ya nyumba: "Mbwa Mkali". Ni ungwana kumtahadharisha mgeni. Tatizo huanza saa kumi na mbili asubuhi, geti linapofunguliwa na mkali mwenyewe akatoka. Bango hubaki ukutani, meno yakaenda mtaani. Wewe unayemfuga, fuata hatua hizi sita.

1. Shika kamba. Kola imara shingoni, kamba imara mkononi, na mkono uwe wa mtu mzima. Mtoto wa miaka minane aliyefungwa kwa mbwa wa kilo arobaini hatembezi mbwa, anatembezwa. Kamba iwe fupi pia. Ikivuka barabara nzima, bodaboda wa kwanza kupita ataanguka nayo.

2. Sahau maneno "haumi huyo". Kila mwenye mbwa huyasema, tena akiwa hatua thelathini nyuma, wakati mama wa maandazi ameshapanda ukuta na ndoo imelala chini. Mbwa anakupenda wewe unayempa ugali na dagaa. Mama wa maandazi hamfahamu, na hana deni la kumfahamu. Maneno yanayofaa ni haya: "Samahani mama, namshika." Kisha umshike kweli, na maandazi uyalipe yote.

3. Linda ibada ya mwenzako. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi: yakigusa nguo, huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mbwa wako akimrukia kwa furaha mzee aliyevaa kanzu Ijumaa mchana, amemrudisha nyumbani huku adhana inaita. Wahenga walituonya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Basi ukikaribia msikiti, vuta kamba au vuka upande wa pili. Shikamoo utamwamkia mzee kutoka huko, na ataipokea vizuri zaidi.

4. Okota kinyesi. Beba gazeti la zamani kila utokapo. Mbwa hana mikono, wewe unayo miwili. Mchanga wa mbele ya nyumba ya jirani ndipo watoto wake wanapocheza, na minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto hao.

5. Mchanje. Hapa nakusihi usome pole pole. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyopenya kwenye jeraha na kupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba wahanga 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Wengi wao wangeweza kulindwa kwa sindano anayochomwa mbwa, ambayo huanza kuipata akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kama tarehe zinakupotea, shika Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, ambaye chanjo yake mwaka 1885 alipewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, akanusurika. Kadi ya chanjo iweke pamoja na kadi za kliniki za wanao.

6. Akiuma, usijifiche. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mhanga hospitali saa hiyo hiyo. Chanjo yake huwa ya dozi kadhaa, kwa siku tofauti. Nauli na gharama za kila dozi ni juu yako, hata kama jirani anaona haya kudai. Mtaarifu afisa mifugo, na mbwa usimuue wala kumtorosha shamba. Afungwe na kuangaliwa siku 10, kwa sababu hali yake ndiyo itakayomsaidia daktari kuamua.

Umleavyo ndivyo akuavyo: mbwa anayeitwa akaja, akaambiwa kaa akakaa, amefundishwa na mtu aliyetenga muda. Mtaa ni wetu sote, na anayeogopa mbwa ana haki ya kupita kama wewe unayempenda. Kesho asubuhi, kabla hujafungua geti, tazama mkono wako. Kama kamba haimo, rudi ndani ukaichukue.