Na ya Kutolea

Enzi za bahasha, ndugu walikuwa wanaomba hela kwa utaratibu. Barua inaandikwa kijijini, inafika mjini baada ya wiki, nawe unaijibu kwa upole kwamba hata huku hali si nzuri. Ukiamua kutoa, unadamka kwenda stendi ya Ubungo, unamkabidhi kondakta bahasha iliyogundishwa vizuri, kisha unamwachia Mungu. Ifike isifike, wewe umeshatuma na heshima yako ipo palepale. Kati yangu na ndugu zangu wa Korogwe kulikuwa na kilomita mia mbili na ushee, na kilomita hizo ndizo zilizokuwa akaunti yangu ya akiba.

Simu ikaja kuifunga akaunti hiyo.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Chimbuko lake hunichekesha kila nikilikumbuka. Majaribio ya mwanzo, mwaka 2005, yaliwalenga watu waliochukua mikopo midogo, ili walipe marejesho kwa simu badala ya kubeba noti. Wakopaji wakapewa simu, wakafundishwa kubonyeza, wakaelewa vizuri kuliko walivyotarajiwa, wakaanza kutumiana wao kwa wao. Wenye kampuni ya simu hawakubishana nao. Huduma ilipozinduliwa ilitangazwa kuwa ya kutuma pesa nyumbani. Yaani watu walipewa njia ya kulipa madeni, wakaona heri kwanza wamtumie mama. Hapo ndipo nilipojua kwamba hao jamaa ni ndugu zangu kabisa.

Shida ni kwamba katika ukoo wetu mimi niko upande wa kutuma.

Visingizio vyangu vyote vilizikwa siku moja. "Benki imefungwa": simu haifungwi. "Basi limeshaondoka": nani amekuuliza habari za basi? "Sina chenji": tuma kamili. Kikabaki kimoja tu, cha kwamba mtandao unasumbua, nacho hakikudumu, kwa sababu mjomba ana laini ya mtandao uleule. "Mbona huku unasoma, mjomba?" aliniuliza, na kimya kilichofuata kilikula vocha.

Kisha kuna adabu ya kutuma. Ukimtumia mtu mzima shilingi elfu ishirini kavu, umemtia aibu, maana akienda kutoa atapata pungufu. Shangazi yangu hupiga simu dakika ileile. "Mwanangu, nimeiona, Mungu akuzidishie. Sasa ya kutolea je?" Basi narudi kwenye menyu kutuma ya kutolea, na ya kutolea yenyewe nayo inakatwa ya kutumia. Julai 2021 ilipoongezwa tozo ya serikali juu ya makato ya kampuni, kundi letu la WhatsApp la ukoo liligeuka bunge. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, lakini shangazi alikuwa ameshatoa hoja kwamba turudi kwa makondakta, ambao angalau ukilia kidogo wanapunguza.

Likizo moja nilimsindikiza huyo shangazi kwa wakala wake. Ofisi ni mwavuli, meza, kiti cha plastiki na daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kitambulisho, kiasi, sahihi. Simu mbili za vitufe zimefungwa mpira wa kubania fedha. Kijana akasema floti ipo ila keshi hana, tusubiri mtu aje kuweka. Tukakaa. Akaja muuza mkaa, akaweka, noti zikatoka mkononi mwake zikahesabiwa mara mbili zikaandaliwa kwa ajili yetu, bado zina vumbi jeusi. Shangazi akaanza kutoa. Alipofika penye namba ya siri, aliitangaza kwa sauti ya muadhini. Kijana akaziba masikio: "Bibi, usiitaje!" Shangazi akashangaa: "Kwani ni matusi?" Namba yenyewe ni mwaka niliozaliwa mimi. Ndiyo maana mtaa mzima pale Korogwe hakuna wa kudanganywa kuhusu umri wangu.

Matapeli nao hawakuchelewa. Nani hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Watu wanadhani ujanja wake uko kwenye teknolojia. Hapana. Uko kwenye ukweli kwamba mjini hapa hakuna asiyedaiwa "ile hela" na mtu fulani. Jirani yangu aliupokea akaamini ni mwenye nyumba, akajibu kwa unyenyekevu kwamba mwezi ni mgumu, avumiliwe hadi tarehe za mshahara. Tapeli akamrudishia: "Sawa kaka, hata nusu." Wakajadiliana siku nzima. Mpaka leo jirani anasema huyo ndiye mwenye nyumba muungwana kuliko wote aliowahi kuwa nao.

Mikopo ya kwenye simu ndiyo iliyovunja rekodi. Unapakua programu, unairuhusu isome majina yote ya simuni, unapewa vijisenti, ukichelewa siku moja inawaandikia hadi fundi wako wa viatu. Niliwahi kuarifiwa na namba ngeni kwamba mimi ni mdhamini wa mtu ambaye kumbukumbu yangu yote juu yake ni kwamba aliwahi kuniuzia godoro. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za namna hiyo zinazokopesha bila leseni. Nilipoisoma orodha nilifarijika. Godoro nikaendelea kulilalia vilevile.

Na biashara ya mtandaoni? Picha ina kabati, bei iko inboksi, muuzaji anakuita "mpendwa". Ukishatuma hela, upendo unapungua. Pesa inafika kwake kabla hujashusha simu, mzigo unakuja kwa miguu. Kabati langu lilifika limekunjwa ndani ya mfuko: mabomba membamba, kitambaa chenye maua na karatasi ya maelekezo ya Kichina. Nilipouliza, nikajibiwa: "Mpendwa, mbona kwenye picha pia lina maua?" Ni kweli, lilikuwa nayo.

Pamoja na yote, siombi bahasha zirudi. Mwaka jana shangazi aliugua usiku wa manane, na hela ya kumpeleka hospitali ilifika kabla dereva wa bodaboda hajawasha pikipiki. Enzi za kondakta tungekuwa tunasubiri alfajiri. Kampuni zinakula kwetu kila hela inapopita, na siku kama ile naona zimekula kihalali. Kwa hiyo, ndugu msomaji, soma jina linalotokea kabla hujabonyeza, mwenye kabati mlipe ukishaliona limesimama, na mkubwa wako wa kijijini ukimtumia, usimpe taabu ya kupiga simu tena: weka na ya kutolea.