Andika Tisa

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, na jioni akifungua daftari la hisabati, nyumba nzima inaingia kidato cha pili. Swali la kwanza la wiki hii lilikuwa la umri: baba ana umri mara tatu ya mwanawe, baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe, kila mmoja ana miaka mingapi? Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo ilibidi kwanza bibi atafsiriwe. Alikuwa jamvini anachambua mchele na hapendi kupitwa.

Bibi alitaka kujua mama wa huyo mtoto yuko wapi, mbona hatajwi. Mpwa wangu akamwacha, akaandika 3x + 12 = 2(x + 12), akaanza kufungua mabano. Hajayamaliza, bibi akasema, "Mtoto 12, baba 36." Tukamwuliza kajuaje.

"Baba na mwanawe walivyoachana ndivyo hivyohivyo mpaka kaburini. Leo wameachana umri wa mtoto mara mbili, siku hiyo wataachana umri wa mtoto mara moja. Basi hiyo 12 mliyomwongezea ndiyo miaka yake ya leo. Sogeza taa."

Jibu sahihi, ila shuleni bila njia hupati alama zote, na njia ya bibi haina mabano. Al-Khwarizmi angemwelewa. Kitabu chake cha aljebra, alichokiandika Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, hakina x hata moja; hesabu zote kazieleza kwa maneno, na sehemu kubwa ni ya mirathi. Bibi naye akishaanza thumuni ya mjane na mafungu mawili ya mtoto wa kiume, hana haja ya karatasi.

Balaa lilikuja na takwimu. Mwalimu aliagiza kila mwanafunzi achague nyumba kumi za mtaani kwao, aulize wanalala watu wangapi, atafute wastani, namba ya katikati na inayojirudia zaidi. Tangu kodi ya majengo ianze kukatwa kwenye umeme wa Luku mwaka 2021, sisi hatupendi mtu aje mlangoni na kalamu. Mama wa vitumbua aliuliza kama ni sensa tena. Jirani mmoja alijibu watano, akamtazama mkewe, mkewe akasema, "Sita. Au yule wa Kibaha humhesabu?" Mpwa wangu akaandika 6 akaondoka mbio.

Nyumba tisa zikatoa 4, 5, 3, 5, 6, 4, 5, 7 na 2. Ya kumi ni ya wapangaji. Mwenye nyumba, mzee mwenye heshima zake, alikuwa barazani. "Andika tisa," akasema, bila hata kuulizwa mara ya pili.

Ila nyuma ya mlango wa korido kuna karatasi imebandikwa kwa ugali. Bili ya maji wanagawana kwa vichwa, kwa hiyo kila chumba kimeandikwa: chumba cha kwanza vichwa 3, katoa, chumba cha nne vichwa 6, hajatoa, kimepigiwa mstari mara mbili. Kitabu cha shule hakina jedwali safi namna ile. Vyumba vinane, vichwa 29.

Sasa tazama. Ukiandika tisa ya mzee, jumla ni 50, wastani 5, ya katikati 5, inayojirudia 5. Sijapata kuona kazi ya nyumbani iliyonyooka hivyo. Ukiandika 29, jumla inakuwa 70 na wastani unaruka hadi 7, wakati nyumba nane kati ya kumi hazifikishi watu saba. Ya katikati inabaki palepale, 5, kama vile haijasikia habari za wapangaji.

Mimi nilikuwa upande wa mzee, kwa ajili ya amani ya mtaa. Mpwa wangu akasema karatasi ya maji haina sababu ya kudanganya, akaandika 29.

Daftari likarudi juzi. Tiki nyekundu kwenye wastani, tiki kwenye namba ya katikati, na pembeni ya ile 29 mwandiko wa mwalimu: "Vizuri sana. Kuna chumba wazi? Kodi wanachukua ya miezi mingapi?"