Akina Chacha na Jedwali Moja

Hifadhidata ni mpangilio wa taarifa zinazotunzwa katika kompyuta kwa namna inayomwezesha mtu kuziongeza, kuzirekebisha na kuzipata tena anapozihitaji, na mfumo wa hifadhidata ni programu inayofanya kazi ya karani wa mpangilio huo, karani asiyekula, asiyelala na asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani. Kwa kuwa akishaajiriwa ni vigumu kumfukuza, uchaguzi wake hutanguliwa na vikao, na katika vikao vya Musoma, vilivyoitishwa kwa ajili ya tovuti ya kikundi cha kuuza dagaa, wajumbe waligawanyika mithili ya madhehebu.

Dhehebu kongwe ni la hifadhidata za kimahusiano, zinazopanga taarifa katika majedwali yaliyounganishwa kwa funguo, fikra aliyoitoa Edgar Codd mwaka 1970 akiwa mtafiti wa IBM huko Marekani. Humo wamo wafuasi wa MySQL, mfumo uliotoka mwaka 1995 na kupewa jina la My, binti wa Michael Widenius aliyeshiriki kuuunda, ambaye baadaye aliuita mfumo mwingine MariaDB kwa jina la binti yake mdogo. Jambo hili halikumshangaza mtu yeyote aliyezoea kusoma majina ubavuni mwa mitumbwi. Wamo pia wafuasi wa PostgreSQL, uliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao hujihesabu kuwa wasomi na hawaoni sababu ya kulificha hilo. Dhehebu la pili huhubiri hifadhidata za hati, ambamo kila taarifa hutunzwa kama waraka unaojitegemea, usiolazimika kufanana na mwenzake. Mfumo wake mashuhuri ni MongoDB, uliotolewa mwaka 2009, na jina lake lilizua mgogoro pale mjumbe mmoja mzee kutoka Bunda alipotaka kufahamu ni kwa nini fedha za kikundi ziwekwe ndani ya uongo.

Ili kuokoa muda, kazi ilianzishwa kwa SQLite, mfumo alioubuni Richard Hipp mwaka 2000, ambao hifadhidata yake nzima ni faili moja na ambao huruhusu mwandikaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Mbunifu wa tovuti, ambaye hatajwi hapa kwa sababu ndiye anayeiandika insha hii, aliujaribu kwa wiki nzima na kuusifu sana, ila wiki hiyo ilikuwa ya mbalamwezi, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta waje juu ya maji. Giza liliporudi, mitumbwi ilitia nanga alfajiri karibu yote kwa pamoja, kila mnunuzi akataka ndoo zake ziandikwe kabla ya za mwenzake, na foleni iliyotokea ndani ya kompyuta ikafanana na ile ya mwaloni katika kila kitu isipokuwa matusi.

Saa nazo zilileta la kwao. Mtumbwi uliofika saa 12 asubuhi uliandikwa kuwa umefika 12:00, ambayo kwa kompyuta ni adhuhuri, na dagaa wake walioanikwa saa 3 waliandikwa 3:00, ambayo ni usiku wa manane, hivyo kumbukumbu za mwezi mzima zikathibitisha kwamba Musoma dagaa huanikwa kwanza, kisha huvuliwa.

Hata hivyo, hayo yalikuwa madogo yakilinganishwa na ufunguo msingi, yaani ile safu ambayo thamani zake hazirudiwi na ambayo humtofautisha mtu mmoja na mwingine. Aliyependekeza ufunguo huo uwe jina hakuwa mtu wa Mara, maana mkoa huu una Chacha Mwita, Mwita Chacha na Chacha Mwita Chacha, wote wanachama na wote wanadaiwa. Kisha ikaja safu ya jina la mume, isiyoruhusu kuachwa tupu, na mbele yake akasimama mwanachama aliyeolewa kwa nyumba ntobhu, ndoa ya Wakurya ambayo mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe kumwoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Karani wa kikundi, yule anayekula na kulala, alimwandika mwenye nyumba, mfumo ukamkataa kwa jinsia yake, na mama yule akauliza kwa upole, “Mwanangu, hiyo mashine ilikuwapo mahari ilipotolewa?”

Wafuasi wa hati walishangilia, kwani waraka wao haumlazimishi mtu kuwa na mume, lakini furaha ilikoma ilipotakiwa orodha ya wadaiwa, ikabainika kwamba waraka mmoja uliandika “deni”, mwingine “madeni”, na wa tatu “atalipa Ijumaa”.

Kikao cha mwisho kilifanyika Butiama, alikozaliwa mwaka 1922 Mwalimu Nyerere, aliyeusifu utaratibu wa wazee wa kuzungumza mpaka wakubaliane, na wajumbe waliuenzi utaratibu huo mpaka simu zote zikaisha chaji. PostgreSQL ilipita, kwa kuwa huweza kutunza majedwali na hati kwa pamoja, jambo lililoliruhusu kila dhehebu kudai ushindi. Katibu aliuandika uamuzi huo katika kaunta buku, chini ya orodha ya akina Chacha, ambamo mmoja ni “wa mtumbwi wa bluu”, mwingine “yule mrefu”, na wa tatu “shemeji yake yule mrefu”.