Mwongozo kwa Mkristo Mgeni Kitomanga Asiyetaka Kuchafuliwa na Siasa

Umepangiwa kufundisha Kitomanga, kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Waumini wenzako wanaenea kwenye mabenchi machache, majirani wengi ni Waislamu, nawe hutaki siasa ikuharibie wokovu. Fuata maelekezo haya. Hayajawahi kumwangusha mtu aliyeazimia kukosa maji ya bomba kwa utulivu.

1. Iite siasa mchezo mchafu. Jirani akikukumbusha kwamba Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alipambana waziwazi na ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, jibu kwamba yule alikuwa askofu. Akimtaja Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa, jibu kwamba yule alikuwa Nyerere. Wewe ni mwalimu wa hesabu tu, na hesabu hazihusiani na fedha za kijiji.

2. Ukwepe mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inautaka uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana haki ya kuhudhuria, mzawa au mgeni. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Ukijikuta umefika, kaa nyuma na uchezee simu. Mtendaji akifika kwenye mstari wa "matumizi mengineyo", usiulize mengineyo ndiyo yapi. Bibi mmoja aliyejitanda kanga atasimama aulize. Mwombee kimoyomoyo, lakini usimuunge mkono.

3. Kikao kikiangukia Jumapili asubuhi, piga kelele kwamba ni njama. Usiulize nani alikuwepo siku ilipopangwa, maana utaambiwa uliitwa hukuja. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ulifanyika Jumapili, tarehe 24 Novemba. Ule wa 2024 ulifanyika Jumatano, tarehe 27 Novemba. Kama ile Jumatano nayo hukuonekana kituoni, tafuta njama nyingine.

4. Amini kadi yako ya mpiga kura inatosha. Uchaguzi wa kijiji na kitongoji una orodha yake. Mwaka 2024 watu walijiandikisha kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba. Siku hizo ulikuwa kwenye mkesha wa kuombea uchaguzi.

5. Mgombea akija kanisani, mpe nafasi ya "kusalimia". Akiahidi mabati, kwaya imwimbe kwa jina. Wiki hiyohiyo utasikia yuko kwenye Maulidi, kavaa kanzu na barakashia, anakula ubwabwa na kuahidi msikiti mabati yaleyale. Usithubutu kulizungumza hilo na jirani yako wa Kiislamu. Mkikaa kwenye kahawa mkazihesabu ahadi, mtagundua hakuna kati yenu aliyeahidiwa dawa.

6. Tafuta "mtu wetu". Katiba, ibara ya 20, inakataza kusajili chama kinachokusudia kuendeleza maslahi ya dini, lakini haijakataza kunong'ona baada ya ibada. Mtu wetu akipatikana, asiulizwe aliuzaje ufuta wa wenzake alipokuwa kiongozi wa chama cha ushirika. Ubatizo wake ndio ripoti ya ukaguzi. Naye Mwislamu aliyerudisha chenji ya mchango wa darasa hadi shilingi ya mwisho, mpite kama humwoni.

7. Jihadhari na swali la pili. La kwanza huchukuliwa kuwa ugeni. Ukirudi baada ya miezi mitatu ukauliza tena zilikwenda wapi fedha za pampu, wazee watakuitikia shikamoo yako kwa sauti ndefu zaidi. Ukiuliza mara ya tatu, watapiga makofi na kukuingiza kwenye kamati ya maji. Utakaa na imamu, mama ntilie na mtu wa chama usichokipenda, ukitunza daftari la risiti. Likikufika hilo, mwongozo huu hauna dawa, na mkutano ujao ni wewe utakayesimama kuyasoma hayo mengineyo, moja baada ya jingine.